Sadaka zilizogeuka bidhaa: michoro ya Wabuddha katika mapango ya Dunhuang

Ni wachache hapa pwani, hasa waliolelewa katika nyumba za tenzi na visa, wasiokijua kisa cha kozi na ndiwa. Malaika wawili wajigeuza ndege, mmoja akawa kozi na mwenzake ndiwa, waje wamjaribu Nabii Musa. Ndiwa akimbilia kwake kuomba hifadhi. Kozi afuata nyuma akidai riziki yake, kwani naye ana njaa. Nabii Musa hataki kumtoa aliyemkimbilia, wala hataki kumdhulumu mwenye haki ya kula. Basi awa radhi kukata nyama ya mwili wake mwenyewe ili kozi ashibe na ndiwa asalimike. Kisa hicho kina utenzi wake wa Kiswahili, na ni katika tenzi zetu za zamani.

Sasa na tuende mbali. Katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya Uchina, ukingoni mwa jangwa la Gobi, uko mji uitwao Dunhuang. Kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini pana jabali lililochongwa mapango mamia kwa mamia, na watu huyaita mapango ya Mogao. Ndani ya pango ambalo wataalamu wamelipa nambari 254 mna mchoro wa ukutani uliotiwa rangi mwishoni mwa karne ya 5, yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya Hijra. Mchoro huo waonyesha mfalme ameketi kwa utulivu, na mtu ameinama akimkata nyama ya mguu. Ndiwa yupo, kozi yupo, na mizani pia ipo, maana kozi alitaka nyama yenye uzito sawasawa na wa ndiwa. Wabuddha humwita mfalme huyo Sibi. Waamini kwamba ni Buddha mwenyewe katika maisha yake ya kabla, na kwamba wale ndege ni miungu wawili waliokuja kumjaribu.

Ndege ni wale wale na mtihani ni ule ule. Kisa hiki ni cha kale sana Bara Hindi, na visa husafiri na wafanyabiashara kama zisafirivyo bizari na sahani za kauri. Kule Uchina kilifika kwa njia ya ngamia kikapigwa rangi ukutani. Huku kwetu kilifika kikatungiwa beti.

Msomaji Muislamu atauliza mara moja: kwa nini wakichore? Swali hilo ni la haki, maana kwetu kuchora mtume ni jambo lisilowazika, na kulisujudia sanamu ni shirki. Makala haya hayakuja kuamua kesi hiyo. Yamekuja kueleza wale watu walikuwa wakifanya nini hasa walipoingia pangoni na brashi na taa, kwa sababu wengi waonao picha hizo leo katika majumba ya makumbusho hudhani ni mapambo. Hazikuwa mapambo hata kidogo.

Kiti kitupu

Kwanza lafaa lijulikane jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Katika nakshi za kale kabisa za Wabuddha huko Bara Hindi, kama zile za Sanchi na Bharhut, Buddha hachongwi kwa sura ya binadamu. Mahali pake pawekwa nyayo mbili, au mti, au gurudumu, au kiti kitupu ambacho watu wamekizunguka kwa adabu. Sanamu zake zenye uso na mwili zilianza kuenea kama karne ya kwanza ya Masihi, hasa katika nchi ya Gandhara, ambayo leo ni sehemu ya Pakistan na Afghanistan, na katika mji wa Mathura.

Dini hiyo ilipoingia Uchina katika karne hiyo ya kwanza, ilikuwa tayari na sanamu na picha zake. Iliingia kwa njia ya misafara, ile iitwayo Njia ya Hariri. Dunhuang ilikuwa mlango. Msafara utokao magharibi ulipokuwa umevuka jangwa la Taklamakan, ambako maji ni haba na mchanga huzika njia, ulipumzika Dunhuang. Na ule utokao mji mkuu wa Uchina kwenda magharibi ulijaza viriba hapo, kisha ukaomba dua zake za mwisho. Mji wa namna hiyo sisi watu wa bandari twaufahamu. Ulijaa lugha, mizani, madalali na watu wa kila dini, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuogopa safari ya kesho.

Maandishi ya mwaka 698 yasimulia kwamba mtawa mmoja aliyeitwa Yuezun alipita hapo mwaka 366, akaona mwanga wa dhahabu juu ya jabali kama kwamba Mabuddha elfu wamesimama ndani yake. Akachimba pango la kwanza. Waliomfuata waliendelea kuchimba na kuchora kwa muda wa miaka elfu moja hivi, mpaka karne ya 14. Leo yahesabiwa mapango 735, na kati yake 492 yana michoro au sanamu. Ukichukua michoro yote ukaitandaza chini, ingefunika mita za mraba 45,000.

Waliolipia

Pango halikuchimbwa bure. Alikuwako mwenye kulipa, na huyo alichorwa naye, chini kabisa ya ukuta, amesimama au amepiga magoti, na kando yake kibao kidogo chenye jina lake na maneno kwamba atoa sadaka hii kwa moyo mmoja. Katika mapango ya zamani watu hawa ni wadogo kama kidole. Kufika karne ya 10 wamekuwa wakubwa, wengine kuliko binadamu wa kweli. Mfalme wa Khotan katika pango la 98 ana urefu wa karibu mita tatu, amevaa taji la vito, na malkia wake yuko nyuma yake. Malkia huyo alikuwa binti wa ukoo wa Cao, watawala wa Dunhuang. Hapo mtu apaswa kukiri kwamba si unyenyekevu peke yake uliomleta pangoni.

Lakini wengi hawakuwa wafalme. Itikadi yao ilikuwa kwamba kumchora Buddha, au kunakili kitabu chake, ni tendo jema lenye malipo, na kwamba malipo hayo yaweza kupelekwa kwa mwingine: mzazi aliyekufa, mtoto mgonjwa, mume aliye safarini. Mwenye kutoa sadaka kwa niaba ya marehemu wake hahitaji kufafanuliwa sana nia hiyo, ingawa itikadi ni mbali na mbali. Ipo picha ya hariri yenye tarehe ya mwaka 910 ambayo yamwonyesha Guanyin, yule ambaye Wabuddha wamwamini kuwa husikia vilio vya wanaoteseka. Upande mmoja wa miguu yake yuko mtawa wa kike, na upande wa pili kijana mwanamume wa ukoo wa Zhang. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Jamaa zao ndio walioitoa picha ile kwa ajili yao.

Na waliokuwa hawana uwezo peke yao walichanga. Karatasi zilizopatikana Dunhuang zaonyesha kwamba palikuwa na vyama vya majirani vilivyokusanya nafaka, mafuta na nguo, vikasaidiana kwa mazishi, kwa sikukuu na kwa kazi za mapango. Mkataba mmoja wa mwaka 959 ni wa chama cha wanawake watupu. Waliahidiana kwamba mwenzao akifiwa kila mmoja ataleta mchango wake. Mama yeyote wa Mombasa au Lamu aliye katika chama cha mtaa angeusoma mkataba huo bila kuhitaji mkalimani wa maana.

Kilichochorwa nacho kilifuata haja za watu. Katika pango la 45, la karne ya 8, mna ukuta wa Guanyin na balaa anazoaminiwa kuokoa watu nazo: moto, maji, pingu, upanga. Sehemu mojawapo ni maarufu sana. Wafanyabiashara wa kigeni, wenye ndevu za mawimbi na kofia ndefu, wamesimama njiani na punda wao. Mbele yao majambazi wameshika panga. Wafanyabiashara wameteremsha mizigo chini, mikono wameikunja kifuani, na nyuso zao zimejaa khofu ambayo mchoraji hakuitoa kitabuni. Bila shaka alikwisha kuwasikia watu kama hao wakisimulia. Na jambo lenye kuchekesha kidogo ni kwamba majambazi wana sura na mavazi ya Kichina, na wageni ndio wanaoibiwa. Mchoraji, Mchina huko huko, hakuona haja ya kuwapendelea watu wake.

Pango la 220 ni la furaha. Lilichorwa mwaka 642, miaka 20 baada ya Hijra. Ukuta wake mmoja umejaa nchi ya raha ambayo Wabuddha wengi wa Uchina walitamani kuzaliwa upya ndani yake, nchi ya magharibi ya Buddha Amitabha. Pana kidimbwi cha maji ya buluu, na roho zachipuka ndani ya mayungiyungi kama watoto wachanga. Pana majumba, miti ya vito, wapiga ngoma na vinanda, na wachezaji wanaozunguka juu ya mazulia madogo ya duara, vitambaa vyao vikiruka hewani. Mazulia na ngoma hizo ni za watu wa Asia ya Kati, walizokuwa wakizileta sokoni. Mchoraji alipotaka kuonyesha raha ya akhera, alichukua kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona duniani, nacho kilikuwa karamu ya wageni.

Kuna mengine ambayo nayapita upesi, kama malaika wao wanaoruka bila mabawa, na safu za Mabuddha wadogo elfu kwa elfu wanaofanana kama chapa. Lakini Guanyin hafai kupitwa. Katika Bara Hindi alikuwa mwanamume. Dunhuang pia, hata karne ya 10, picha nyingi zampa masharubu membamba. Baada ya hapo, taratibu, Wachina walimgeuza kuwa mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, mwenye kuombwa na wanawake wasiopata watoto. Hakuna baraza lililokaa likaamua hivyo. Waumini walikuwa na haja zao, na wachoraji wakazifuata.

Mkono wa fundi

Jabali la Dunhuang ni la changarawe, halichongeki sanamu nzuri. Kwa hiyo mafundi walipaka ukuta udongo uliochanganywa na majani makavu, kama tupigavyo udongo nyumba zetu, kisha udongo laini zaidi wenye nyuzinyuzi, kisha chokaa au udongo mweupe. Walichora ukuta ukiwa umekauka, kwa rangi zilizochanganywa na gundi. Nyekundu ilikuwa ya zebaki, au ya udongo wa chuma, au ya risasi. Kijani ilikuwa ya jiwe la shaba. Buluu nzuri kuliko zote ilitokana na jiwe ambalo Waajemi na Waarabu huliita lazwardi, nalo lilibebwa kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Kwa hivyo ukuta mmoja wa Dunhuang ni hesabu nzima ya biashara ya Asia.

Rangi ya risasi haikudumu. Kwa karne nyingi imegeuka nyeusi, na ndiyo sababu nyuso nyingi za mapango ya kale zaonekana nyeusi tii, macho na pua zikiwa mistari myeupe. Wageni husifu ujasiri wa mchoraji. Mchoraji alikuwa amepaka ngozi yenye rangi ya waridi.

Zile safu za Mabuddha elfu zilifanywa kwa hila ya kifundi. Walichora mmoja kwenye karatasi, wakaitoboa mistari yake kwa sindano, wakaibandika ukutani na kuipiga kifurushi cha unga wa rangi. Unga ukapita matunduni ukaacha alama, nao wakaziunganisha. Karatasi zenyewe zilizotobolewa zimepatikana. Mafundi hao hawakuandika majina yao, isipokuwa wachache sana. Twawajua zaidi kwa vitabu vya hesabu vya mahekalu, vinavyoandika unga na pombe walivyopewa siku za kazi. Watawa kwa sheria yao hawanywi, lakini waliandika hesabu hiyo kwa uaminifu.

Katika miji mikuu ya Uchina walikuwako wachoraji waliojulikana. Aliyewapita wote ni Wu Daozi, wa karne ya 8, ambaye husemwa kwamba alichora zaidi ya kuta 300 za mahekalu ya Chang'an na Luoyang. Mwandishi wa zama hizo hizo za ufalme wa Tang, Zhu Jingxuan, aeleza kwamba Wu alipochora jahanamu katika hekalu moja, wachinjaji na wauza samaki walioiona waliingiwa na hofu hata wengine wakaacha kazi zao. Hakuna ukuta wake hata mmoja uliobaki leo.

Sababu kubwa ni mwaka 845. Mfalme Wuzong, aliyeona mahekalu yamekula mali na ardhi ya dola na kwamba dini hii ni ya kigeni, aliamuru yafungwe. Mahekalu makubwa zaidi ya 4,600 na madogo 40,000 yalibomolewa au kugeuzwa matumizi. Watawa zaidi ya 260,000 walirudishwa uraiani walipe kodi, na sanamu za shaba zikayeyushwa zikawa fedha. Wakristo na waabudu moto waliokuwako walipata sehemu yao ya msukosuko ule. Dunhuang ilisalimika kwa bahati tu: tangu miaka ya 780 ilikuwa mikononi mwa Watibeti, ambao wenyewe walikuwa Wabuddha, na amri ya mfalme haikufika. Walipofukuzwa Watibeti mwaka 848, Wuzong alikuwa ameshakufa na amri yake imetenguliwa. Hivyo michoro ya mji wa mpakani, iliyofanywa na mafundi wasio na majina, ndiyo iliyobaki kutuonyesha jinsi miji mikuu ilivyokuwa ikichora.

Baadaye wasomi wa Uchina waliifanya michoro ya mahekalu kuwa kazi ya mafundi tu, isiyostahili bwana mwenye elimu. Waliipenda zaidi milima na ukungu vilivyochorwa kwa wino mtupu. Hata watawa wa madhehebu ya Chan walishika njia hiyo. Muqi, wa karne ya 13, alimchora Guanyin kwa wino na nafasi nyeupe, na kazi zake bora zimehifadhiwa Japani, maana kwao Wachina wenyewe hawakumthamini sana. Nionavyo mimi, wasomi hao walipoteza kitu. Mlima wa wino ni mzuri, lakini haumwambii mtu mwanamke wa mwaka 959 aliogopa nini.

Pango lililozibwa

Mwaka 1900 mlinzi wa mapango, kasisi mmoja wa dini ya Tao aliyeitwa Wang Yuanlu, aligundua kwamba ukuta wa njia ya kuingilia pango la 16 una uwazi nyuma yake. Ukavunjwa. Ndani mlikuwa na chumba kidogo, ambacho sasa ni pango la 17, kimejaa mpaka juu: karatasi na vitabu kama 50,000 kwa Kichina, Kitibeti, Kikhotan, Kisogdi, hata Kiebrania, pamoja na mamia ya picha za hariri na katani. Tarehe ya mwisho iliyosomeka humo ni ya mwaka 1002. Kwa hiyo chumba kilizibwa mwanzoni mwa karne ya 11.

Wataalamu wamebishana juu ya sababu. Wengine wasema ni khofu: karibu na mwaka 1006 Waturuki Waislamu wa Kara-Khanid waliuteka ufalme wa Khotan, na wakimbizi wake walikuwa na jamaa Dunhuang. Jeshi hilo halikufika Dunhuang kamwe. Walioitwaa baadaye, mwaka 1036, ni Watangut, nao ni Wabuddha. Wengine wasema kile kilikuwa chumba cha karatasi zilizochakaa ambazo, kwa kuwa zina maneno matukufu, hazifai kutupwa. Rai hii ya pili Muislamu ataielewa haraka. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakitengeneza paa la Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta rundo la kurasa za kale za Msahafu zilizowekwa hapo kwa heshima hiyo hiyo.

Wang hakuwa mwizi. Alikuwa maskini mwenye nia moja, kuyatengeneza mapango yaliyokuwa yakizikwa na mchanga, na aliwaarifu wakubwa. Hawakuja. Aliyekuja, mwaka 1907, ni Aurel Stein, Muhungaria aliyekuwa amechukua uraia wa Uingereza. Stein hakujua Kichina, lakini aligundua kwamba Wang ampenda sana Xuanzang, yule mtawa wa karne ya 7 aliyekwenda Bara Hindi kuleta vitabu. Akamwambia kwamba yeye pia amefuata nyayo za Xuanzang. Kwa maneno hayo, na kwa pauni 130 za kusaidia matengenezo, aliondoka na masanduku 24 ya maandishi na matano ya picha na vitu vingine. Miongoni mwake mlikuwa na kitabu kilichopigwa chapa mwaka 868, ambacho ndicho kitabu kizima cha kale kuliko vyote vilivyochapwa na kutiwa tarehe. Mwaka uliofuata alikuja Mfaransa Paul Pelliot, ambaye Kichina alikijua barabara. Alikaa ndani ya chumba wiki tatu kwa mwanga wa mshumaa, akachagua vilivyo bora. Kisha wakaja Wajapani na Warusi. Serikali ya Uchina ilizinduka mwaka 1910 ikaamuru mabaki yapelekwe Beijing, na mengi yakapotea njiani.

Mwaka 1924 alikuja Langdon Warner wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Chumba kilikuwa kitupu, kwa hivyo alizigeukia kuta. Alipaka gundi ya moto, akabandika kitambaa, akavuta, na rangi ikaja na kitambaa. Alisema aliogopa uharibifu, na kweli uharibifu ulikuwepo: miaka michache kabla, askari wa Kirusi waliokimbia mapinduzi kwao walifungiwa mapangoni humo, wakapika na kuandika majina yao juu ya michoro, na moshi wao haujatoka hata leo. Lakini dawa ya Warner ilikuwa ya ajabu. Katika pango la 323 mabaka aliyoyabandua yaonekana wazi ukutani. Katika pango la 328 aling'oa sanamu ya aliyepiga magoti, na pale alipokuwa pamebaki patupu.

Watetezi wa akina Stein hujibu kwamba vitu hivi vingepotea, na kwamba wote walilipia. Hoja ya kwanza ina uzito kidogo. Ya pili haina. Picha ya mwaka 910 ilikwisha lipiwa mwaka 910, na waliolipa walikwisha sema ni kwa ajili ya nani. Wang hakuwa mrithi wao. Hapa kwetu jambo hili si geni: Wapokomo wa Mto Tana walichukuliwa ngoma yao kuu, Ngadji, na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, ikapelekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, nyumba hiyo hiyo iliyopokea picha za Stein.

Huko Dunhuang kazi ya kuhifadhi ilianza rasmi mwaka 1944, ilipofunguliwa taasisi chini ya mchoraji Chang Shuhong, aliyesomea Paris na kurudi kuishi jangwani. Bibi Fan Jinshi alijiunga nao mwaka 1963 akiwa kijana kutoka chuo kikuu, akaiongoza taasisi hiyo tangu 1998 mpaka 2014. Mapango yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Adui wa leo si majambazi. Ni chumvi inayopanda ndani ya udongo na kuipasua rangi, na pumzi za wageni zinazoleta unyevu, hata imebidi idadi ya wanaoingia kwa siku iwekewe mpaka. Tangu 2016 taasisi imeonyesha mapango 30 kwenye intaneti, mtu ayatazame ukuta kwa ukuta akiwa kwake.

Picha za hariri za Stein ziligawanywa. Sehemu ilibaki London, na sehemu ilikwenda New Delhi, kwa kuwa serikali ya kikoloni ya India ndiyo iliyogharimia sehemu kubwa ya safari. Za Pelliot ziko Paris, katika jumba la Guimet. Ile ya mtawa wa kike na kijana wa ukoo wa Zhang iko London. Hariri haivumilii mwanga, rangi zake hufifia, kwa hivyo hutolewa kwa nadra sana. Muda mwingi imewekwa gizani.